Joto linalopulizwa nyuma ya tangi la maziwa: naweza kulikamata nikaoshea keni?

Mama Keni (Njombe)

Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia kituo cha kukusanya maziwa cha ushirika wetu, nje kidogo ya mji wa Njombe. Asubuhi tunapokea lita 1,200 hivi, jioni kama 500. Bodaboda wa kwanza anafika saa kumi na mbili na nusu, wa mwisho saa tatu. Maziwa yanafika yakiwa na nyuzi 28, maana baridi ya njiani imeshayapunguza, na tangi letu la lita 2,000 linayashusha hadi nyuzi 4. Tangi halina shida.

Shida yangu ni maji ya moto. Keni, chujio, ndoo, mipira na tangi lenyewe lazima vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila siku, la sivyo kesho yake maziwa yanaganda kwenye kipimo na gari la kiwanda linayaacha. Tunachemsha kwenye madrumu mawili ya lita 200 juu ya mafiga. Kirikuu kimoja cha kuni hakimalizi wiki. Miwati ikipatikana tunashukuru, isipopatikana ni mabanzi ya msindano, na hayo yanatoa moshi usiovumilika. Dada wawili wanaoosha macho yao ni mekundu tangu asubuhi. Mmoja ameniambia wazi kwamba akipata kazi nyingine anaondoka.

Wao ndio walionifungua macho. Mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba hapa yanauma mikono hadi kwenye mifupa. Nikawa naona kila wakipata nafasi wanakimbilia nyuma ya jengo, kwenye feni ya kompresa, wananyoosha viganja. Ovaroli zao pia wanazianika pale. Siku moja nikaenda nikasimama nao. Lile joto tunalipuliza kwenye ukungu, halafu hatua kumi na mbili upande wa pili tunachoma kuni kutafuta joto. Iliniuma sana.

Amekuja muuzaji wa hita za jua, lita 300. Sikatai jua, lakini mwezi wa saba hapa ukungu unaweza kukaa hadi saa tano. Fundi mmoja wa mjini anasema joto la kompresa linaweza kuhamishiwa kwenye maji. Waliotufungia tangi wanasema nikigusa mabomba ya gesi dhamana imekwisha na kompresa itaungua.

Naomba aliyewahi kufanya anieleze. Inawezekana kweli? Maji yatafika nyuzi ngapi? Kompresa itapona? Na hayo maji nitayaweka wapi, maana tangi linapooza hadi saa tano na sisi tunaanza kuosha saa tatu?

Nawasilisha.

Fundi Baridi (Mbeya)

Dada, pole na hongera kwa kusimama nyuma ya ile feni. Nina miaka 19 kwenye majokofu na matangi ya maziwa, Mbeya, Rungwe, Iringa na huko kwenu. Inawezekana, na si jambo la kubahatisha. Wafugaji wa Ulaya na New Zealand wanafanya hivyo kwa miongo mingi.

Tupige hesabu ya asubuhi tu. Lita 1,200 za maziwa kutoka nyuzi 28 hadi 4 zinatoa joto la yuniti kama 32, yuniti hizi hizi unazonunua kwenye luku. Umeme unaoingia kwenye kompresa nao unageuka joto, weka yuniti 11 hivi. Jumla kama 43, na zote zinatoka kwa feni ile. Sasa kupasha lita 500 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 50 kunahitaji yuniti 20 na kidogo. Maana yake unahitaji chini ya nusu ya unachotupa. Ukitaka kulipima kwa kuni: mafiga yanaipa drumu sehemu ndogo tu ya joto la kuni, labda moja ya tano, kwa hiyo kazi hiyo hiyo inakula kilo 25 hadi 30 za kuni kavu kila asubuhi.

Sasa nyuzi. Hapa watu wengi wanadanganywa. Gesi ikitoka kwenye kompresa ina nyuzi 70 hadi 90, na fundi asiye mkweli atakuwekea kipimajoto hapo akuahidi maji ya kuunguza. Lakini joto hilo la juu ni sehemu ndogo, kama asilimia 15 ya jumla. Joto lenyewe hasa linatoka gesi inapogeuka kuwa kimiminika, na hiyo inatokea kwenye nyuzi 40 hivi. Kwa hiyo maji yatapanda haraka hadi karibu 40, kisha yatapanda polepole. Tegemea 50. Akikuahidi 80, mwambie aende.

Kompresa haiungui. Kibadilisha joto, yaani kifaa kinachohamisha joto la gesi kwenda kwenye maji, kinafungwa katikati, baada ya kompresa na kabla ya kondensa yako ya feni, pale gesi inapopoozwa hadi kuwa kimiminika. Kondensa haiondolewi. Maji yakishapata moto, joto lililobaki linaendelea kutoka kwa feni kama zamani. Anayekata kondensa ili "maji yapate joto lote" ndiye anayeua kompresa.

Mambo matatu usikubali yapuuzwe. Kibadilisha joto kiwe cha kuta mbili, ili ukuta mmoja ukitoboka gesi na mafuta visiingie kwenye maji yanayogusa vyombo vya maziwa. Gesi ifyonzwe na mashine na iwekwe kwenye mtungi kabla bomba halijakatwa. Tangi lako likiwa linatumia R404A, aina moja ya gesi ya kupoozea, kilo moja ikiachiwa hewani inapasha dunia kama kilo 3,900 za hewa ukaa, na zaidi ya hapo utainunua upya. Na feni yako ifungwe swichi ya presha, ili isiwake mpaka gesi ipate joto la kutosha. Kwa baridi ya Njombe hilo la tatu ni la lazima.

Kuhusu dhamana, waulize kwa maandishi kama wao wenyewe wanaweza kukifunga. Mara nyingi wakiombwa hivyo lugha inabadilika.

Mzee wa Boila (Mufindi)

Wanangu, salaam. Mimi si wa majokofu. Nimelisha boila za viwanda vya chai miaka 31, sasa nimestaafu nafuga kuku. Niruhusuni niseme la tangi, maana fundi kaeleza joto linapatikanaje ila hajasema litalalaje.

Mama, wewe mwenyewe umeuliza vizuri: joto linakuja hadi saa tano, kuosha kunaanza saa tatu. Kwa hiyo maji ya leo yataosha kesho. Yatakaa karibu saa ishirini na mbili. Hapo ndipo kazi inaposimama au kuanguka. Niliwahi kumsaidia mwanangu kupigia hesabu tangi la chuma la lita 500 lililo uchi, maji nyuzi 55, nje nyuzi 10. Baada ya saa 16 linabaki na 27 hivi. Tangi hilo hilo likivikwa povu zuri la sentimita 5 pande zote, chini na kwenye mfuniko, linaamka na 52. Sentimita 5 tu hizo. Mtu anatoa milioni kwa kibadilisha joto halafu anaweka maji kwenye tangi la plastiki jeusi juani! Na lile plastiki ukiliwekea maji ya nyuzi 60 linalainika na kuvimba tumbo, nimeliona kwa macho yangu.

Kiwandani tulikuwa na bomba la mvuke la mita 40 lisilo na shuka la kuzuia joto, mvua ikinyesha juu yake linafuka kama nyumba inayoungua. Maji ya mvuke uliokwisha kufanya kazi, yenye nyuzi 85, yalikuwa yanamwagwa mtaroni. Watoto wa kambini walikuwa wanaogea hapo. Nilisema miaka minne. Kila nyuzi 6 unazoyapandisha maji yanayoingia kwenye boila unapunguza kuni kama asilimia 1, na sisi tulikuwa tunaingiza maji ya kijito ya nyuzi 14! Siku waliporudisha yale maji kwenye tangi la boila, zamu ya usiku ilibakiza kuni kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Baadaye wakanunua mtambo wa kuvuna joto la moshi kwenye dohani. Kitu kizuri, lakini kilitengenezwa kwa boila la mafuta, si la kuni. Masizi yakaziba, njia ya kuupitisha moshi pembeni haikuwekwa, na asubuhi maji ya baridi sana yakiingia moshi ulikuwa unatoa jasho juu ya mabomba. Jasho lile ni kali. Mabomba yalitoboka kabla ya mvua za pili. Nasema haya ili mama asinunue kifaa kabla ya kujua kinakwenda kukaa na nani.

Tangi lako liwe refu, lisimame. Maji ya moto yanakaa juu, ya baridi chini. Ya baridi yaingie chini taratibu, ya moto yachotwe juu. Likilala ubavu yanachanganyika na unapata vuguvugu tupu.

Mwanafunzi wa VETA (Dodoma)

Wakubwa shikamooni. Nimeona video ya Finland, mji wa Kankaanpää, wamejaza mchanga tani 100 kwenye silo tangu 2022 wanahifadhi joto. Huku mchanga ni bure. Mama hawezi kutumia mchanga badala ya kununua tangi?

Fundi Baridi (Mbeya)

Marahaba. Swali zuri. Ule mchanga unapashwa kwa umeme hadi nyuzi 500 na zaidi, ndiyo maana unafaa: maji huwezi kuyapeleka huko bila presha kubwa. Sisi tunaongelea nyuzi 50. Kilo moja ya maji inabeba joto mara tano ya kilo ya mchanga kwa kila nyuzi moja. Chini ya nyuzi 90 bado sijaona kitu cha bei nafuu kinachoyashinda maji, na isitoshe yeye mwisho wa siku anataka maji.

Mama Keni (Njombe)

Shikamoo Mzee, asante sana. Fundi, asante. Nimesoma mara tatu, nikamsomea na mwenyekiti wetu.

Sasa kuna kitu. Tuna tangi la zamani la maziwa la lita 600, la chuma kisichoshika kutu, kompresa yake ilikufa miaka mitano iliyopita. Limekaa stoo, tunawekea magunia ya pumba. Ukigonga ukuta wake unasikia limejaa kitu kama povu. Je, si ndilo Mzee analolisema? Na chini yake kuna zile njia za gesi zilizokuwa zinapooza. Fundi wa mjini anasema tusinunue hata kibadilisha joto, tupitishe gesi ya moto kwenye njia hizo hizo, maji yatapata moto yenyewe.

Fundi Baridi (Mbeya)

Tangi ndiyo. Njia za chini HAPANA, dada yangu. Zile zilitengenezwa kwa presha ya upande wa baridi. Ukizipelekea gesi inayotoka kwenye kompresa unazipa presha ambayo hazikupimwa kwayo. Tena zina ukuta mmoja tu kati ya gesi na maji. Ziache zifungwe, zisiguswe.

Lakini mwili wa tangi hilo ni zawadi. Povu limeshapigwa kiwandani, chuma ni safi, lina bomba la kutolea chini. Badilisha mpira wa mfuniko tu, na uache tundu la kupumulia ili lisijenge presha. Mzee, najua utasema limelala.

Mzee wa Boila (Mufindi)

Limelala, ndiyo. Lakini tangi lililolala lenye shuka ni bora kuliko lililosimama uchi. Mama, litoe magunia.

Tatu wa Maabara (Tanga)

Naongeza la upande wa usafi, maana naona wote mnaongelea "maji ya moto" kama kitu kimoja. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya maziwa.

Maji ya kwanza ya kusuuza keni HAYATAKIWI kuwa ya moto sana. Yakizidi nyuzi 60 yanaipikia protini ya maziwa kwenye chuma, unapata ule ukoko mweupe ambao baadaye unausugua hadi mkono unauma. Yakiwa ya baridi, mafuta yanaganda na kubaki. Kinachotakiwa ni nyuzi 38 hadi 45. Baada ya hapo ndipo unaosha kwa sabuni ya kiwandani kwenye nyuzi 65 hadi 75, halafu unasuuza tena.

Kwa hiyo mama, zile nyuzi 50 za Fundi si pungufu. Sehemu kubwa ya maji yako ni ya kusuuza, hayo yatatoka moja kwa moja kwenye tangi la zamani, hata utayachanganya na ya baridi kidogo. Yanayobaki kuchemshwa ni ya sabuni tu, nayo yataanzia 50 badala ya 15. Ninyi mmekuwa mnachemsha yote halafu mnayapooza kwa maji ya bomba, sivyo?

Mama Keni (Njombe)

Dada Tatu, ndivyo hasa tulivyokuwa tunafanya. Miaka sita. Na ule ukoko tunaujua vizuri, nilikuwa nawagombeza wasichana kwamba hawasugui. Leo asubuhi nimewaomba radhi.

Mama Keni (Njombe), wiki tisa baadaye

Wakuu, narudi na majibu kama nilivyoahidi.

Waliotufungia tangi walikubali kufunga kibadilisha joto wenyewe baada ya barua ya mwenyekiti, na dhamana imebaki. Gesi waliivuta kwenye mtungi, nilisimama hapo hapo kuona. Tangi la zamani tulilitoa stoo tukaliosha siku mbili, tukabadilisha mpira wa mfuniko. Pampu ni ndogo, ya kuzungusha maji tu.

Wiki mbili za kwanza nilikata tamaa. Maji hayakupita nyuzi 33. Nikapima asubuhi, mchana, jioni, ni 31, 33, 32. Kamati ikaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, fedha za ushirika hizi. Nikarudi kusoma hapa upya, nikakuta lile neno la Fundi kuhusu swichi ya presha ya feni. Walikuwa hawajaiweka. Walisema si lazima. Nilimpigia fundi mwingine akaifunga, akaiweka ili feni isiwake mpaka gesi ifike kwenye nyuzi 42. Kesho yake saa tano na robo maji yalikuwa 49. Nilipima kwa vipimajoto viwili.

Kesho yake asubuhi nikapima kabla ya bodaboda wa kwanza: 46. Nje kulikuwa na nyuzi 7, majani yana umande.

Kirikuu cha kuni sasa kinafika wiki mbili na siku tatu. Drumu moja tumelitoa kabisa kwenye mafiga. Yule dada bado yupo. Ovaroli zinakauka polepole siku hizi kwa sababu feni asubuhi haiwaki mapema, nimewatengenezea kamba karibu na mafiga.

Maswali mawili yamebaki. Luku naona inakwenda haraka kidogo kuliko zamani, ni kawaida? Na maziwa ya jioni, lita 500, niyapitishie nayo humo?

Fundi Baridi (Mbeya)

Dada, hongera sana. Hiyo 33 ningekwambia hata bila kuja: hewa ya nyuzi 7 ikipulizwa na feni muda wote, gesi inageuka kimiminika kwenye nyuzi 25 hadi 30, na maji hayawezi kupata joto ambalo gesi yenyewe haina.

Luku ni kawaida. Kila nyuzi moja unayoipandisha kwenye gesi inaongeza umeme wa kompresa kama asilimia 2 hadi 3. Kwa kupandisha hadi 42 unalipa kama yuniti 3 zaidi kwa asubuhi, unapata 20. Lakini usilipe pasipo sababu. Mwambie fundi aweke kipimajoto kwenye tangi la maji, yakifika 49 pampu izime na feni irudi kwenye mpangilio wake wa chini. Kuanzia hapo kompresa inafanya kazi kwa wepesi kama zamani.

Ya jioni yapitishe kama tu maji yameshuka chini ya 40 baada ya kuosha. Yasiposhuka, iache feni ifanye kazi yake. Na utoe tope linalotuama chini ya tangi la maji kila mwezi kupitia lile bomba la chini.

Nina safari ya Makambako wiki ya pili ya mwezi ujao. Nitapita na geji nione presha zinakaaje saa mbili asubuhi, maziwa yakiwa yanaingia. Mwambie yule dada wa mafiga awepo, nataka anionyeshe anachota wapi maji ya kusuuza.

Mama Keni (Njombe)

Karibu sana Fundi. Fika kabla ya saa mbili, utamkuta.